Insha ya Nyumbani: Kiingereza katika Skuli za Mtendeli

Katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli mtoto wa skuli alikuwa na lugha nne. Kirundi alikuja nacho mgongoni mwa mama yake. Kifaransa kilivuka mpaka pamoja na walimu wake, kwa kuwa ndicho alichotarajiwa kurejea nacho. Kiswahili alikikuta huku: kwa polisi wa lango, kwa wachuuzi wa Kiha, katika foleni ya mgao wa unga. Ama Kiingereza hakikuwa lugha ya mtu yeyote aliyeishi naye. Kilikuwa juu ya magunia ya chakula na juu ya mabango ya mashirika, na kwa saa chache za wiki kilikuwa ubaoni. Habari inayofuata ni ya hicho Kiingereza cha ubaoni, na ya kazi ambazo mtoto alitakiwa azifanye kwacho: asome kifungu na kujibu maswali, aandike imla, atunge insha. Ni habari ndogo ikiwekwa katika mizani moja na vita na hijra. Lakini kazi hizo za daftari zina nasaba ndefu, na sehemu ya nasaba hiyo inapita Unguja.

Mtendeli iko katika wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, mkoani Kigoma. Ni nchi ya Buha, nyanda za juu zenye misitu ya miombo, na mpaka wa Burundi hauko mbali. Waha na Warundi husikilizana kila mmoja akisema chake; wanaisimu huziweka lugha zao katika tawi moja pamoja na Kinyarwanda. Hata maneno ya skuli yaliyoingia katika Kirundi mtu wa pwani hayatambui kwa shida. Kitabu ni igitabu, kalamu ni ikaramu; yote mawili yalipanda na misafara iliyokwenda Ujiji, kabla hajafika mwalimu wa Kizungu. Shule ni ishure, nalo lilikuja kwa Wajerumani, kama lilivyokuja bara zima la Tanganyika. Sisi wa visiwani tunaosema skuli tumeupata msamiati wetu kwa Waingereza, na wenzetu wa bara hutucheka kwa hilo. Lakini ukitazama vizuri, neno la Mrundi na neno la mtu wa Tabora ni mtoto wa baba mmoja, ilhali letu ni mtoto wa jirani.

Maana palikuwa na wakati nchi zote hizo zilikuwa koloni moja. Burundi, Rwanda, Buha na pwani yote ya Mrima zilitawaliwa na Ujerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo yakaikalia Kigoma, kisha Tabora, na kwa muda wa miaka kadhaa Buha ilikuwa chini ya bendera ya Ubelgiji. Ni makubaliano ya tarehe 30 Mei 1919, baina ya Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, yaliyopitisha kalamu katikati. Urundi na Ruanda zikabaki kwa Wabelgiji. Buha, pamoja na Ujiji na Kigoma, zikaenda kwa Waingereza, na makabidhiano yakakamilika mwaka 1921. Wakulima wa pande mbili za mstari waliendelea kusemezana na kuoana. Lakini watoto wao walipopelekwa kusoma, huyu alifundishwa kusalimu kwa Kifaransa na yule kwa Kiingereza. Si mwalimu wala mzazi aliyeulizwa.

Upande wa Waingereza, lugha ya kwanza ya skuli za Waafrika ilikuwa Kiswahili. Na Kiswahili kipi? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya mji wa Unguja iwe msingi wa lugha ya vitabu, na Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ikaanza kazi mwaka 1930. Washairi wa Mvita na Lamu wana malalamiko yao ya haki juu ya uamuzi ule, na hayajesha hadi leo. Juu ya nyanda za Buha, hata hivyo, matokeo yake yalikuwa kwamba mtoto wa Kiha alijifunza kuandika kwa lahaja ya mji asioujua, mji ulio kando ya bahari asiyoiona, na baada ya kuizoea ndipo akapewa Kiingereza juu yake.

Kiingereza hicho kilikuwa na ngazi yake maalumu. Katika miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa na mpango wa skuli wa nne na nne: darasa la kwanza hadi la nne liliitwa skuli ya msingi, la tano hadi la nane likaitwa skuli ya kati. Wengi waliishia la nne. Waliobahatika kuingia skuli ya kati, aghalabu bweni lenye shamba na mifugo, walikutana huko na Kiingereza cha uzito, na mwisho wa safari palikuwa na mtihani wa darasa la nane. Mtihani huo ndio uliotoa karani, mwalimu, mhudumu wa hospitali, na wachache wa kuendelea na masomo. Mtoto wa Kasulu au Kibondo aliyeandika sentensi za Kiingereza katika daftari lake alijua kwamba kila sentensi ilikuwa na thamani ya mshahara. Hilo si jambo la kulibeza. Alijua pia kwamba baba yake hataweza kuisoma hata moja.

Namna ya kazi zenyewe ilitoka mbali. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Dhaka huko Bengal katika miaka ya 1920, alikuwa ameona wanafunzi wengi wanaacha skuli kabla hawajafika mahali pa kuzungumza Kiingereza kwa ufasaha. Akasema basi wafundishwe kusoma kwanza, kwani msomaji aliyeacha skuli anabaki na kitu mkononi. Akatunga vitabu vya kusomea ambavyo maneno yake yamehesabiwa: kila ukurasa una maneno mapya machache tu, na kila neno jipya linarudiwa hadi lizoeleke. Orodha yake ya maneno 2,000 hivi ya matumizi ya kawaida ilichapishwa mwaka 1953, na vitabu vya mfano huo vilienea katika makoloni. Kifungu kifupi, maswali chini yake, imla, kisha insha fupi yenye mada iliyotolewa na mwalimu: hizo ndizo nguzo za somo. Wakoloni waliondoka, lakini nguzo zilibaki palepale, na anayetaka kuziona leo hana haja ya kwenda makumbusho; afungue daftari la mtoto yeyote wa jirani.

Tanganyika ilipokuwa Tanzania, skuli za kati zikayeyuka ndani ya elimu ya msingi ya miaka saba, na kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote hayo. Kiingereza kikabaki somo, kisha ghafla, sekondari, kikawa lugha ya masomo yote. Mashaka ya mpango huo yanajulikana. Mwaka 1982 tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo, serikali haikukubali. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo waliyokuwa wakifundishwa. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, yeye aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, akasema kuwa Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Uingereza ikatoa msaada, na sehemu ya msaada huo ilikuwa vitabu vyepesi vya hadithi kwa ajili ya sekondari. Fikra ya West ikarejea kwa mlango wa nyuma: watoto wasome.

Hayo ni ya wenyeji. Wakimbizi wa Burundi waliingia katika historia hii kwa mafungu mawili yasiyofanana, na tofauti yao ndiyo kiini cha jambo.

Fungu la kwanza lilikuja baada ya mauaji ya mwaka 1972. Serikali iliwapa ardhi katika makazi makubwa ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, katika Tabora na Rukwa ya wakati ule. Walilima, wakauza, wakalipa kodi. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, wakiwa na Kiingereza kama somo, na mtihani wao ulikuwa mtihani wa kila mtoto wa Tanzania. Baada ya miaka thelathini walikuwa watu wa Kiswahili. Serikali ilipofungua mlango wa uraia, zaidi ya watu 160,000 waliingia. Wachache waliochagua kurudi walifika Burundi wakiwa na vyeti vizuri katika lugha isiyotumika. Vijana waliokwishasoma Hesabu na Sayansi walikalishwa na watoto wadogo kwa sababu hawakujua Kifaransa.

Fungu la pili lilikuja baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata. Mwaka uliofuata Rwanda ikawaka. Hapo Tanzania haikutoa tena ardhi ya kudumu, ilitoa kambi. Ngara kwanza, kisha Kibondo na Kasulu: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mkugwa, Muyovosi, Mtabila, na Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne nje ya kambi bila ya kibali, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikayakaza mambo zaidi. Na katika elimu msimamo ulikuwa huo huo: mtoto afundishwe mtaala wa kwao, kwa lugha ya kwao, ili siku ya kurudi asiwe mgeni.

Msimamo huu una hoja nzito nyuma yake, na aliyewaona vijana wa Katumba wakirejea Burundi bila ya Kifaransa hawezi kuudharau. Lakini una upande mwingine. Mtoto wa Kirundi na mtoto wa Kiha, waliotenganishwa kwa kalamu mwaka 1919, walikuwa wamekutana tena, kilomita chache baina yao, wakisikilizana kwa lugha za mama zao. Skuli ikawatenga mara ya pili. Yule wa kijijini alihesabu kwa Kiswahili na mwaka wake ukaanza Januari; yule wa kambini alihesabu kwa Kirundi kisha kwa Kifaransa, na mwaka wake ukaanza Septemba. Kitu kimoja tu kiliwaunganisha katika ratiba zao, nacho ni somo la Kiingereza, ambalo kwa wote wawili lilikuwa geni.

Skuli za kwanza za kambi zilianza na karibu si kitu. Katika Ngara na Rwanda, mwaka 1994, UNESCO na UNICEF walitumia sanduku la mwalimu lililokwisha kujaribiwa Somalia: vibao vya kuandikia, chaki, madaftari, penseli, rangi ya kupaka ubao na brashi yake, chati za kitambaa zenye alfabeti na tarakimu. Sanduku moja lilikadiriwa watoto 80, arobaini asubuhi na arobaini mchana. Chati zilikuwa za kitambaa kwa sababu karatasi haihimili mvua. Ndani ya sanduku hapakuwa na hadithi hata moja, na mtu asilaumu. Lilikuwa sanduku la kuokolea, mfano wa pipa la maji. Hata hivyo linaeleza jinsi kusoma kulivyoanza kambini: herufi kwanza, na kitu cha kuzisomea hizo herufi baadaye, Mungu akipenda.

Wazazi hawakuridhika na darasa la sita. Katika kambi za Kigoma sekondari nyingi zilianza kwa juhudi za wakimbizi wenyewe, walimu wakifundisha kwa malipo haba, na wahisani wakaja nyuma. Kiingereza nacho kilitafutwa. Mtu mzima aliyetaka kazi katika shirika la misaada, japo ya ulinzi wa ghala, aliambiwa ajue Kiingereza kidogo. Kwa hiyo lugha ile isiyokuwa ya yeyote ikawa, ndani ya kambi, lugha ya mshahara, kama ilivyokuwa katika skuli ya kati ya Kasulu mwaka 1955. Miaka arobaini, bendera mbalimbali, na hesabu ile ile.

Mtendeli ya kwanza ilifungwa baada ya amani ya Burundi kuimarika. Mkataba wa Arusha ulikuwa umetiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na wakimbizi waliorejea kuanzia mwaka 2002 walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Huko nyumbani mambo yalikuwa yanabadilika pia. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na lugha rasmi ya Jumuiya ilikuwa Kiingereza. Katika miaka hiyo hiyo Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika madarasa ya mwanzo ya skuli za Burundi kando ya Kirundi na Kifaransa. Mwaka 2013 ikaanza elimu ya msingi ya miaka tisa, ambayo madarasa yake ya saba, ya nane na ya tisa yalifanya ngazi ya nne. Mwaka 2014 sheria ikakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Rwanda ilikuwa imekwenda mbali zaidi: mwaka 2008 iliamua Kiingereza kichukue mahali pa Kifaransa katika kufundishia. Burundi haikuondoa kitu, iliongeza. Mtu anaweza kuuona huo kuwa ukarimu. Mwalimu mwenye watoto mia chini ya mti huuona vingine.

Basi Aprili 2015 machafuko yalipozuka Bujumbura juu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na watu wakaanza tena kuvuka, walikuja na mtaala mpya wa lugha nne. Nyarugusu ilijaa hadi ikapita watu 150,000. Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016. Ilipojaa ilikuwa na watu wapatao 50,000. Madarasa yalipungua kuliko watoto, wengi wakasomea chini ya miti, na mvua ya nyanda za juu ilipokuja somo lilikwisha. Vitabu vilikuwa vichache. Mwalimu alinakili kifungu ubaoni na wanafunzi wakakinakili kutoka ubaoni. Hapo kusoma na kuandika vikawa tendo moja: hakuna aliyesoma kifungu asichokiandika kwanza kwa mkono wake.

Tusiseme hilo lilikuwa hasara tupu. Washairi wa visiwani waliokaa na miswada ya tenzi wakinakili beti kwa wino wanajua kwamba mkono hujifunza kabla ya kichwa. Lakini kunakili bila ya kuelewa nako kupo, na Kiingereza kilikuwa na mitego yake kwa mtoto wa Kirundi. Herufi r na l, ambazo Kiingereza huzitenga kwa ukali, katika Kirundi hazitengani hivyo, na imla ilikuwa mahali pa kuanguka. Kirundi, kama Kiswahili, hakimgawi mtu kwa kiwakilishi kuwa mwanamume au mwanamke. Kiingereza humlazimisha mwandishi aamue kila anapomtaja dada au kaka, na mtoto akasahau, na mama akawa mwanamume katika mstari wa tatu. Mwalimu akitia wino mwekundu husahihisha kosa. Ndani ya kosa hilo, hata hivyo, imo sarufi nzima ya lugha nyingine inayofanya kazi yake sawasawa.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni la wakati. Kirundi kina nyakati zilizopita mbili zinazotengana: ya karibu, ya leo hii, na ya mbali. Tofauti baina yao hubebwa na kiimbo cha silabi, juu au chini, na maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaandiki kiimbo. Kwa hiyo mtoto aliposema kwa mdomo kwamba walikimbia, msikilizaji alijua ni lini. Alipoliandika neno hilo, hata kwa Kirundi, nusu ya maana ilibaki kinywani. Na alipolipeleka katika Kiingereza, akakuta wakati mmoja uliopita unaomeza asubuhi ya leo na mwaka wa 1972 pamoja. Kiswahili chetu na li yake hakiko mbali na hapo. Mfasiri yeyote amewahi kukaa na tatizo hili mezani kwake, na hulipatia dawa kwa kuongeza neno, jana, zamani, siku ile. Mwanafunzi wa darasa la saba hakuitwa mfasiri. Lakini kila insha ya Kiingereza iliyoandikwa Mtendeli ilikuwa tafsiri, na aliyeiandika hakupewa hata kamusi.

Mada za insha ndizo zinazotia uzito mwisho. Tangu zama za skuli za kati zimekuwa karibu zile zile: familia yangu, skuli yangu, kijiji changu, nyumbani kwetu, safari niliyosafiri. Zilichaguliwa kwa nia njema, kwani huchukua maneno mepesi na mambo ambayo mtoto anayajua. Aliyezipanga alimfikiria mtoto mwenye kijiji. Kiingereza hutenga jengo na makao kwa maneno mawili, na huishia hapo. Kirundi kina inzu, lile jengo. Kina urugo, boma lenye ua ambalo ndani yake mna watu na ng'ombe na heshima. Kina imuhira, nyumbani mtu anakorejea jioni. Na kina iwacu, kwetu, neno linaloweza kuwa mlango wa mama au nchi nzima. Mtoto wa kambini alikuwa na kibanda cha turubai kisichokuwa urugo, urugo uliobaki ng'ambo, na iwacu ambayo wengine hawakuikumbuka, maana walizaliwa katika kambi iliyotangulia. Akipewa mada ya nyumbani kwa Kiingereza, mistari kumi, aandike lipi?

Mtu anaweza kujibu kwamba mwalimu hataki siri za moyo, anataka sarufi. Ni kweli, na huenda hapo ndipo palipokuwa na rehema. Lugha isiyo ya mama wala ya adui inaweza kuwa pazia. Mtoto aliyeandika kwamba nyumba yao ina vyumba viwili na ng'ombe wanne, akapata alama nane kwa kumi, hakulazimika kusema kama ng'ombe hao wako hai. Isipokuwa pazia hilo halikuwa uchaguzi wake, na hapana ushahidi kwamba waliotunga mada walilifikiria.

Ajabu ni kwamba kulikuwa na utajiri karibu sana. Jioni, bila ya mtaala, watoto hao hao walikuwa na vitendawili. Mmoja husema sokwe, wenzake hujibu niruze, kama sisi tunavyosema kitendawili na tega. Walikuwa na hadithi za Bakame, sungura yule yule wa pwani kwa jina lingine, mwenye hila zile zile. Walikuwa na sifa za ng'ombe, na inanga inayopigwa huku mwimbaji akinong'ona badala ya kuimba. Kazi ya kusoma Kiingereza ingaliweza kuanzia kwa Bakame, na ya kuandika ingaliweza kuanzia kwa kitendawili, ambacho ni sentensi moja iliyokamilika na inayotaka kufikiriwa. Ingaliweza pia kuwaweka mtoto wa Kiha na wa Kirundi meza moja, kwani vitendawili vyao ni ndugu. Walimu wenye ubunifu hufanya mambo ya namna hii popote walipo bila ya kuandikwa katika ripoti. Lakini mfumo haukuwaomba.

Na ilikuwapo barua. Katika kazi zote za kuandika hapana iliyofuata desturi kwa ukali kama barua ya Kiingereza kwa rafiki. Anwani ya mwandishi huanza kona ya juu kulia, mstari chini ya mstari, kisha tarehe, kisha salamu, na mkato baada ya salamu. Watoto wa Afrika Mashariki wamefundishwa umbo hilo kwa vizazi vitatu, na wengi wao, wasiokuwa na sanduku la posta, hubuni namba. Mtoto wa kambi hakuhitaji kubuni. Kambi iligawanywa kwa kanda, vijiji na namba za viwanja, kwa ajili ya mgao na hesabu ya watu, na anwani yake ilikuwa kamili kuliko ya mtoto wa mjini. Aliweza kuijaza kona ile bila ya kosa hata moja.

Kurejeshwa kwa hiari kulianza tena Septemba 2017, na mwaka hadi mwaka Mtendeli ikapungua watu. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilifungwa mara ya pili. Waliokuwa bado hawajarudi Burundi walipelekwa Nduta kwa malori na mabasi, wengine muhula wa kwanza wa mwaka wa skuli ukiwa haujaisha. Huko walipewa kanda nyingine na namba nyingine, za kuandika kona ya juu kulia.